Lori Kuukuu na Ubaridi wa Mitumba: Mjue Nini Kabla ya Kutoa Pesa ya Kikundi



Mwezi wa Februari, wakati jua la kwetu Kenol linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu, niliitwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja kinachobeba mishiri na maparachichi kutoka vijijini. Kikundi hicho kina lori moja tu, Canter kuukuu ya dizeli, waliyoinunua kwa michango na mkopo. Juma lililotangulia dereva wao, mzee wa miaka hamsini na kitu, alisinzia kwenye usukani akitoka upande wa Makutano. Lori likaacha barabara, likaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Kina mama wawili waliokuwa wameketi naye mbele walitoka na michubuko, na kreti za mishiri zikamwagika zote.

Kwenye mkutano kijana mmoja alisema kwamba kilichomlaza mzee ni joto. Injini ya Canter iko chini ya kiti, kwa hiyo dereva ni kama mtu aliyekalia jiko. Akapendekeza lori litiwe mtambo wa kupoza hewa, ule ambao sote tunauita AC. Alisema amepata fundi anayeweza kuufunga kwa vipuri vya mitumba, vilivyotolewa kwenye magari mengine, kwa bei nafuu.

Mweka hazina, mama asiyependa maneno mengi, akainuka na kitabu chake mkononi. "Sasa mimi niandike nini hapa? Ati tumenunua upepo?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Ndipo wakanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nilisema kweli tupu: sijui. Moyoni nilidhani AC ni anasa ya wakubwa. Hata hivyo niliomba wiki mbili, nikaenda kuuliza mafundi wanaoielewa kazi hiyo, wa hapa kwetu na wa Nairobi. Niliyojifunza nayaandika hapa, maana lori kuukuu si la kikundi hicho peke yake. Magari mengi yanayobeba mazao ya vijiji vyetu ni ya umri huo.

AC INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Chukua spiriti kidogo ujipake mkononi. Utahisi baridi, ingawa spiriti yenyewe haikuwa baridi kwenye chupa. Sababu ni kwamba kitu cha majimaji kikigeuka mvuke huchukua joto mahali kilipo. Mtungi wa udongo nao hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: maji kidogo hupenya nje, yanakauka, na joto linakwenda nayo.

AC haifanyi muujiza zaidi ya huo. Tofauti ni kwamba gesi yake haipotei. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka maji, kisha mvuke, kisha maji tena. Vyombo vyake vikubwa ni vitano:

1. Kompresa. Hii ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Huibana gesi mpaka inakuwa moto sana.

2. Kondensa. Inafanana na redieta ndogo, na mara nyingi hukaa mbele ya redieta ya gari. Gesi moto ikipita humo hupigwa na upepo, joto linatoka nje, na gesi inageuka maji.

3. Kikaushio. Ni mkebe mdogo wenye punje zinazonyonya unyevu na kuchuja uchafu. Mafundi wengi huuita draya.

4. Vali ya kupunguza msukumo. Ina tundu dogo sana. Maji ya gesi yakipita hapo, msukumo unashuka ghafla na baridi inaanza.

5. Evaporeta. Ni redieta nyingine ndogo, hii hukaa ndani kwa dereva, chini ya dashibodi au juu ya paa. Humo gesi huchemka ikiwa baridi, feni inapuliza hewa juu yake, na dereva anapata ubaridi. Halafu gesi inarudi kwa kompresa.

Ukiielewa safari hiyo utaelewa jambo moja kubwa: AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje, na kazi hiyo ya kuhamisha inalipwa na injini yako, yaani inalipwa na dizeli yako.

MTU ALIYEANZA NA VYUMA CHAKAVU

Msidhani mitambo hii ilianzia kwa wenye digrii peke yao. Ubaridi wa malori ulifanywa ufae kazi na Mmarekani mweusi aitwaye Frederick McKinley Jones, aliyezaliwa mwaka wa 1893 katika mji wa Cincinnati. Alikuwa yatima, na kwa miaka kadhaa ya utoto alilelewa na padre Mkatoliki. Shuleni hakufika mbali. Aliingia gereji akiwa kijana, akajifunza kwa macho na mikono, kama wanavyojifunza vijana wetu wa jua kali. Alijulikana kwa kuunda mashine kutokana na vipande vya mashine nyingine zilizotupwa.

Karibu mwaka wa 1938 alibuni mtambo wa kupozea mzigo wa lori. Wa kwanza uliwekwa chini ya lori, mahali pa matope na mtikisiko. Baadaye akatengeneza mwepesi zaidi na kuupandisha mbele, juu. Kampuni aliyoianzisha na mwenzake Joseph Numero ndiyo iliyokuja kuitwa Thermo King, jina ambalo mnaliona mpaka leo kwenye malori ya nyama na maua barabarani. Jones alifariki mwaka wa 1961, na mwaka wa 1991 serikali ya Marekani ilimpa nishani kubwa ya teknolojia, akiwa tayari kaburini.

Kwa hiyo vipuri vya mitumba si aibu. Lakini tazameni: Jones alikuwa akijaribu, akitazama kosa, na kurekebisha. Hakufunga kitu akaondoka na pesa.

KWANZA TAFUTENI JOTO LINAINGILIA WAPI

Sasa turudi kwa kikundi chetu. Kabla ya kununua chochote nilimwomba fundi mmoja kijana aje alitazame lori bure, tumpe chai tu. Alifanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Hakwenda mbele kupima nafasi ya kondensa. Aliinua kiti.

Tulipoangalia pale chini, kila mtu alinyamaza. Kitambaa kizito cha kuzuia joto kilikuwa kimekwisha. Mpira unaoziba pembeni mwa kifuniko cha injini ulikuwa umekatika. Matundu ya pedali na waya yalikuwa wazi, unaona lami. Halafu penye maungio ya bomba la moshi na injini, gasketi ilikuwa imepasuka, na masizi meusi yametapakaa kote.

Fundi akamgeukia dereva. "Mzee, jioni kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma kila siku, kijana wangu. Mimi nilisema ni uzee."

Kumbe mzee alikuwa akivuta moshi wa injini yake mwenyewe! Moshi wa gari una gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Moshi wa dizeli una gesi hiyo kidogo kuliko wa petroli, lakini moshi unaoingia ndani kila siku, saa nyingi, si mzaha. Na gari likiwa la petroli, hatari ni kubwa zaidi, mtu anaweza kufa akiwa ameketi.

Sasa fikirini. Kama tungeanza na AC, dereva angefunga madirisha yote ili baridi isitoke. AC nyingi huzungusha hewa ile ile ya ndani. Tungemfungia mzee pamoja na moshi, kwa ubaridi mzuri, na kwa pesa yetu wenyewe. Siku hiyo mweka hazina hakuuliza tena kuhusu upepo. Alifunga kitabu akasema, "Hiyo gasketi inunuliwe leo."

Kwa hiyo, kabla ya AC yoyote, fanyeni haya:

- Rekebisheni bomba la moshi na gasketi zake mpaka kusiwe na masizi yanayovuja.
- Zibeni matundu yote ya sakafuni na ukuta wa injini kwa raba. Badilisheni raba za milango.
- Wekeni kitambaa kipya cha kuzuia joto chini ya kifuniko cha injini, kile kisichoshika moto, na bati jepesi la aluminiamu upande wa injini. Msitumie godoro wala gunia, vitawaka.
- Kama gari lina hita, hakikisheni bomba lake la maji moto limefungwa. Hita iliyokwama wazi hupika dereva mchana kutwa.
- Pakeni paa rangi nyeupe. Rangi nyeusi hunywa jua.

Kazi hizi zinataka raba, bati na siku moja ya fundi. Mara nyingi zikimalizika mtu anaona joto limepungua sana, na wakati huo ndipo kikundi kinaweza kujadili AC bila kudanganyika.

KIPURI KIPI KINUNULIWE, KIPI KIACHWE

Tuseme mmeziba, mmerekebisha, na bado mnataka AC. Vipuri vilivyotolewa kwenye magari ya Japani vinapatikana Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na pia katika miji yetu. Zingatieni haya.

Nunueni seti nzima kutoka gari la aina moja na lenu. Malori mengi ya Japani yalikuja na AC kutoka kiwandani. Ukipata seti ya Canter kwa Canter au Isuzu kwa Isuzu, utapata kompresa, breketi yake, puli na mabomba yanayolingana. Watu wengi hununua kompresa na kuiacha breketi kwa sababu inaonekana ni chuma tu. Halafu wanalipa fundi wa kuchomelea atengeneze nyingine, inakuwa imepinda kidogo, na mkanda unaliwa kila mwezi. Puli ya kompresa na ya injini lazima zikae kwenye mstari mmoja. Wekeni rula ndefu au kamba iliyovutwa muone.

Kompresa ya mitumba yafaa, mkiipima. Zungusha sahani ya katikati kwa mkono, usizungushe puli ya nje. Inatakiwa kwenda laini huku ukihisi inabana kidogo. Ikikwama au ikilegea kabisa, iacheni. Mwaga matone ya oili yake kwenye karatasi nyeupe. Oili safi ni dalili nzuri. Oili nyeusi au yenye vumbi linalometameta kama fedha maana yake imejisaga ndani, na vumbi hilo litaharibu kila kitu mtakachofunga nayo. Angalieni pia kama midomo yake ilikuwa imezibwa. Kompresa iliyokaa wazi kwenye vumbi miezi mingi imeshakunywa unyevu.

Kondensa na evaporeta za mitumba zafaa, zikipimwa kuvuja. Doa la mafuta kwenye mapezi yake mara nyingi ni mahali panapovuja. Mwambieni muuzaji apime mbele yenu.

Vitu vya kununua vipya ni hivi: kikaushio, vali ya kupunguza msukumo, raba zote za maungio, na mkanda. Hapa msijadili. Kikaushio cha zamani kimeshashiba unyevu, ni kama taulo iliyolowa. Hata kile kipya, kifuniko chake kisitolewe mpaka dakika ya mwisho.

Mabomba ya mpira yabanwe kwa mashine maalum. Mabomba haya hubeba msukumo mkubwa, upande mmoja huweza kupita paundi 200. Klipu za kukaza kwa bisibisi, zile za bomba la maji, hazifai hata kidogo. Tena mipira ya zamani sana ilitengenezwa kwa gesi ya zamani, na gesi ya sasa inapenya ndani yake polepole. Chukueni mpira wa siku hizi.

VOLTI 12 NA VOLTI 24

Kikundi kingine, upande wa Maragua, kiliniruhusu nisimulie kilichowapata bila kuwataja. Walinunua kompresa nzuri kutoka gari dogo la nyumbani. Fundi wao akaifunga kwenye lori. Ilipowashwa ilitoa ubaridi kwa muda mfupi, kisha harufu ya waya ulioungua, kisha basi.

Magari madogo hutumia umeme wa volti 12. Malori mengi yana betri mbili na umeme wa volti 24. Kompresa ina klachi ya sumaku inayoshika na kuachia. Klachi ya volti 12 ikipewa 24 huungua. Feni ya ndani vile vile.

Fundi huyo alipoitwa tena alipendekeza kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili, ili apate volti 12. Hilo nalo ni kosa. Betri moja inatumika zaidi ya nduguye, jenereta inazichaji kama pacha, hivyo moja inabaki na njaa na nyingine inashiba kupita kiasi. Baada ya muda mfupi zote mbili zinakufa. Dawa ni kutafuta klachi na feni za volti 24 kutoka lori lingine, au kununua kifaa cha kushusha volti chenye nguvu ya kutosha. Na kila waya uwe na fyuzi na relei yake. Usikubali waya ulioviringishwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu.

GESI: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi inayoitwa R12. Gesi hiyo iligundulika inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka wa 1987 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuiondoa, na nchi zinazoendelea zilipewa mpaka mwaka wa 2010 kuacha kabisa. Mahali pake ilikuja R134a. Hii haidhuru ozoni, lakini ikitoka hewani kilo moja huongeza joto la dunia kama kilo 1,400 hivi za hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka wa 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo pia. Magari mapya zaidi yana gesi nyingine, R1234yf, yenye midomo tofauti ya kujazia. Gesi hizi hazichanganywi.

Oili nayo hufuata gesi. Oili ya R12 haiendi pamoja na R134a. Kompresa ya zamani lazima imwagwe oili yote, ioshwe, iwekwe oili na raba zinazofaa gesi mpya.

Sasa sikieni hili vizuri. Kuna watu wanaojaza AC kwa gesi ya kupikia, kwa sababu ni rahisi kupata na kweli inapoza. Msikubali kamwe. Bomba likipasuka, gesi ya moto inaingia chumba cha dereva, na cheche moja ya swichi inatosha. Friji nyingine za nyumbani hutoka kiwandani na gesi ya jamii hiyo, lakini ni kiasi kidogo sana na friji imeundwa kwa ajili yake. Lori linalotikisika barabarani halikuundwa hivyo. Fundi asipoweza kuwaonyesha chupa yenye jina la gesi, mwambieni asante, mwende.

Mambo mengine ya usalama:

- Gesi ya AC ikigusa ngozi au jicho hugandisha kama barafu. Anayejaza avae miwani na glavu.
- Asivute mtu sigara karibu. Hata gesi isiyowaka ikipita kwenye moto hugeuka sumu.
- Msifungue bomba na kuiachia gesi hewani. Fundi mwenye vifaa huinyonya na kuihifadhi. Hapa Kenya gesi zinazodhuru ozoni zinasimamiwa na kanuni za mazingira.
- Kupima uvujaji kufanywe kwa naitrojeni na povu la sabuni. Usipime kwa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni ikikutana na oili ndani ya bomba hulipuka.

KUNYONYA HEWA, KISHA KUJAZA

Mabomba yakishafungwa na kupimwa, fundi anatakiwa kuyanyonya hewa yote kwa pampu, dakika 30 hadi 45 au zaidi, kisha aache saa ikae na aone kama mshale unarudi. Ukirudi, kuna tundu. Kazi hii mafundi wa haraka huiruka. Unyevu uliobaki ndani huganda kwenye tundu dogo la vali, ubaridi unakatika njiani, na baadaye unageuka asidi inayokula kompresa.

Hapa kuna jambo la sehemu zetu za milimani. Vitabu husema mshale wa pampu ufike inchi 29. Hiyo ni Mombasa, usawa wa bahari. Mahali pa mita 1,500 hewa ni nyepesi, kwa hiyo mshale utaishia karibu na inchi 25 hata kama hewa yote imetoka. Fundi asiyejua hilo atahangaika kutafuta tundu ambalo halipo.

Gesi hujazwa kwa mizani, kwa gramu. Lakini mkiwa mmechanganya vipuri vya magari tofauti, kibandiko cha gramu hakiwafai tena, na fundi atajaza kidogo kidogo akitazama saa zake mbili. Kwa R134a, injini ikiwa inanguruma vizuri, upande wa chini huwa takribani paundi 25 hadi 40, na upande wa juu 150 hadi 225, kutegemea joto la siku. Gesi nyingi kupita kiasi haiongezi baridi, inapunguza.

REDIETA NA MILIMA

Kompresa hula nguvu ya farasi tatu, nne au tano. Kwa injini kubwa mpya si kitu. Kwa injini iliyochoka, inayopanda kutoka Sagana kwenda Karatina na mzigo, ni kitu. Tena kondensa ikiwekwa mbele ya redieta inaimwagia joto. Redieta yenye kutu itachemka. Kwa hiyo safisheni redieta kwanza, wekeni feni ya ziada ya umeme kwenye kondensa, na mfundisheni dereva kuzima AC kwenye mlima mrefu na kutazama mshale wa joto. Swichi ya kuzima kompresa msukumo ukizidi lazima ifungwe. Ni kitu kidogo, lakini huokoa mabomba.

LORI LIKIPOA, MZIGO HAUPOI

Wanakikundi wengine walidhani AC itasaidia mishiri isinyauke. Hapana. AC ya dereva haifiki nyuma. Kupoza mzigo kunataka boksi lililojengwa kwa kuta za kuzuia joto na mtambo wake mkubwa.

Kwa mishiri kuna njia ya bei ya kijijini. Chumeni alfajiri. Zuieni jua kwa neti ya kivuli au turubai iliyoinuliwa juu ya kreti ili upepo upite. Kwenye kibanda cha kukusanyia, jengeni chumba cha mkaa: kuta mbili za waya, mkaa katikati, na maji yanayodondoka polepole juu yake. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, ndani panapoa, kwa akili ile ile ya mtungi. Hakuna dizeli wala gesi.

HESABU NA UAMUZI

Msiulize tu bei ya kufunga. Tumeni watu wawili, si mmoja, waulize maduka matatu, waandike. Kisha jumlisheni: seti ya mitumba, vipuri vipya, mabomba, gesi na oili, kazi ya fundi, siku ambazo lori halitafanya kazi, dizeli ya ziada kila mwezi, na akiba ya kujaza tena gesi ikivuja. Mwekeeni fundi karatasi ya makubaliano, mlipeni nusu, na nusu nyingine baada ya lori kusafiri wiki mbili likiwa na mzigo.

Kikundi changu cha Kenol kilipiga kura. Walirekebisha moshi, wakaziba matundu, wakapaka paa nyeupe, wakaweka feni ndogo ya volti 24. AC wameiahirisha mpaka mkopo uishe. Wale wa Maragua waliendelea, safari ya pili wakanunua seti nzima ya lori, na inafanya kazi. Sioni kwamba mmoja alikosea. Kila mmoja alijua analipia nini.

Jambo moja vikundi vyote viwili waliandika kwenye kumbukumbu za mkutano, nalo halihitaji kipuri chochote. Sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla ndani ya saa 24. Walipohesabu siku ile ya mtaroni, mzee alikuwa ameshika usukani tangu saa kumi alfajiri mpaka saa tisa mchana, na njaa. AC isingemwamsha.

Mzee yuko salama. Juzi nilipanda naye mpaka Makutano. Nilimuuliza kuhusu kichwa. Akanijibu, "Mwalimu, kumbe sikuwa mzee. Nilikuwa navuta tu."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu, au gari tunalokodisha, mara ya mwisho bomba la moshi lilikaguliwa lini? Nani aliinua kiti?
2. Dereva wetu anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, na nani anayemuuliza kama anaumwa?
3. Tukitaka kununua mtambo wowote, ni watu gani wawili tutakaowatuma, na watarudi na maandishi gani?
4. Mazao yetu yanaharibikia wapi hasa: shambani, kibandani, au ndani ya lori?
5. Kuna jambo ambalo tunataka kulitatua kwa kununua, na huenda dawa yake ni kurekebisha tulicho nacho?